Chupa Tatu na Breki za Kamene

Harufu ya mbegu za mbarika zikikaangwa ni nzito. Siku isiyo na upepo unaweza kuiegemea na usianguke. Ndiyo harufu ya nyumbani kwetu Matiliku likizo ile ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa mamake baba, alikuwa akizikaanga mbegu hizo nyuma ya jiko, anazitwanga, anazichemsha kwa maji, halafu anakaa na kijiko cha mbao akiengua mafuta yanayoelea juu, taratibu, kama mtu mwenye karne tatu mbele yake. Mafuta hayo aliyapaka kila kitu. Alipaka viatu vyake vya ngozi, mikanda ya punda, kitako cha kinu, na Jumapili kabla ya kanisa alitupaka sisi wajukuu vichwa vyote, tukang'aa hivi kwamba mchungaji angeweza kuchana nywele akijitazama kwenye paji la uso wangu. Kwake hapakuwa na kitu kilicholia ambacho hakikuwa kinaomba mafuta. Mlango ukilia, mafuta. Mtoto akilia, mafuta. Watu walitoka mpaka Wote kuja kumwomba kibuyu kimoja, naye alitoa huku akieleza, kila mara, kwamba mafuta ya dukani ni maji yaliyopakwa rangi.

Harufu ya pili ya likizo ile ilikuwa ya mafuta ya breki. Hiyo ni nyembamba, tamu kwa mbali kama dawa ya kikohozi, na nyuma ya utamu kuna kitu kama samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko. Leo nina duka la spea pale Wote, nafungua mikebe ya aina hiyo karibu kila siku, na hakuna siku nimeinusa bila kuona miguu yangu miwili midogo ikiwa juu ya pedali ya Kamene.

Kamene lilikuwa gari. Baba alilinunua kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akaliita kwa jina la shangazi yake aliyekuwa mkaidi kuliko wote katika ukoo. Lilikuwa gari la Kiingereza, la kijivu, lenye taa za mviringo kama mtu aliyeshtuliwa, na hata wakati huo lilikuwa zee. Nadhani Nuhu alitaka kulipakia safinani akaona tayari lina kutu, akaliacha. Baba alimfundisha Mama kuliendesha katika uwanja wa shule, wakigonga goli lile lile mara mbili. Halafu Baba akaugua, akafariki, na kwa misimu miwili ya mvua Kamene akakaa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mama alikuwa fundi wa nguo sokoni, anashona sare za shule. Jumapili mchana, baada ya vyombo, nilimwona akienda kibandani, anafungua mlango wa dereva, anakaa, anashika usukani kwa mikono miwili. Hawashi. Kofia ya Baba ilikuwa bado kwenye kiti cha nyuma. Anakaa hivyo kwa muda wa kupika ugali, halafu anatoka na kufunga mlango polepole.

Sasa, kakake Baba, ambaye mimi nilimwita Baba Mkubwa Kioko, alikuwa amepata mnunuzi wa gari kule Emali. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Aliona tu chuma kinaoza na mwanamke anayekiogopa au anayekipenda mno, na kwa macho yake, hayo mawili yalikuwa ugonjwa mmoja. Wakakaa kikao sebuleni, na kwa kuwa boma lilikuwa la Susu, neno la mwisho likawa la Susu. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa Tseikuru, huko juu kabisa kaskazini mwa Kitui, ambako mbuzi ni wengi kuliko majani, na hawakuwa wameonana tangu kabla mimi sijazaliwa.

"Nipelekwe Tseikuru," Susu akasema. "Huyu mke wa mwanangu anipeleke na gari hiyo, nimwone dada yangu, anirudishe. Ikifika na kurudi, gari ni yake, na Kioko, nisikusikie tena. Ikikwama njiani, uza."

"Tseikuru!" Baba Mkubwa akacheka. "Mama, hiyo gari haiwezi kufika hata Nziu."

"Basi shida yako ni gani?"

Mama akasema tu, "Sawa, Mama," akaenda kumaliza kushona kola.

Mama alipoliwasha, baada ya kulisukuma mpaka majirani wa pande zote nne wakatoa jasho, Kamene alikubali kwenda. Kusimama ndiko alikokataa. Pedali ya breki ilizama mpaka chini kama mguu kwenye matope, na tukasimamishwa na zizi la punda. Akaitwa Fundi Muthama, mzee mwembamba aliyefanya kazi ya magari miaka mingi kule Kiboko kando ya barabara ya Mombasa, na ambaye alipenda kueleza kuliko kutengeneza. Akafungua kitanki kidogo cha mafuta ya breki chini ya boneti, akachovya kidole. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

"Haya yamekunywa maji," akasema. "Mafuta ya breki yanapenda maji kuliko ng'ombe. Yanayavuta kutoka kwa hewa. Mkebe ukishafunguliwa ukakaa mwaka kwa rafu, hiyo sasa ni supu. Unashuka mlima, breki inapata moto, maji yanachemka ndani, unakanyaga mvuke."

Baba Mkubwa, aliyekuja kuangalia jinsi tunavyoshindwa, alikuwa amebeba mkebe wa oili ya injini. "Si mjaze hii? Mafuta ni mafuta, Fundi. Yote yanateleza."

"Mzee Kioko, uji na simiti yote inakorogwa. Wewe unakunywa gani?"

Halafu Fundi akakaa juu ya ndoo, akatufundisha, na sijawahi kupata somo zuri kama lile, hata baadaye nilipomaliza shule ya upili kwa masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Alisema gari la umri wa Kamene lina vipira vidogo ndani ya breki, na vipira hivyo ni vya mpira wa asili, wa utomvu wa mti. Oili ya injini, oili ya usukani, oili ya trekta, zote zinatoka ardhini, na zinavilewesha vipira hivyo mpaka vinavimba na kuoza. Mafuta ya breki huwa na namba mkebeni. Tatu na nne ni ndugu, zinaweza kukaa chungu kimoja. Nne inavumilia moto zaidi, lakini Kamene hakimbii mashindano, tatu inamtosha mradi ibadilishwe kabla haijazeeka. Tano ni ya ukoo mwingine. Haichanganyiki na ndugu hao, na maji yakiingia hayamezwi, yanajikusanya mirijani palipo chini na kutoboa chuma. Mimi nilikuwa wa kwanza katika hesabu darasani, nikainua mkono nikauliza kwa nini tano isiwe bora kuliko tatu. Fundi akaniuliza darasani mimi ni namba ngapi. Nikasema moja. "Basi keti," akasema.

Alikuwa amevitoa vipira vilivyochakaa na kuweka vipya. Kwa vile Baba Mkubwa bado alikuwa anaguna, Fundi akaomba chupa tatu za jemu, akatumbukiza kipira kizee katika kila moja. Ya kwanza akaijaza oili ya injini. Ya pili, namba tatu kutoka mkebe uliokuwa na muhuri. Ya tatu alikuwa bado anaifikiria wakati Susu alipotokea jikoni na kibuyu.

"Na haya yangu?"

Fundi alicheka, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa mama wa makosa yote ya likizo ile. Alisema ukweli mahali pasipouhitaji. "Susu, usishangae. Zamani, mafuta ya breki za gari kama hizi yalikuwa ya mbarika kabisa, yamechanganywa na pombe kali." Akaijaza chupa ya tatu kwa mafuta ya Susu. Susu alisikia neno mbarika. Neno pombe, kwa kuwa alikuwa mama wa kanisa, halikufika masikioni.

Nilipewa kazi ya kulinda chupa hizo dirishani, na nikailinda kama askari wa benki. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari. Siku ya tano Fundi akaja, akavitoa vipira kwa kijiti mbele ya watu wote. Cha oili ya injini kilikuwa kimevimba kama mandazi, ukikibonyeza kinaacha alama ya kidole. Cha namba tatu kilikuwa vile vile. Cha mbarika kilikuwa vile vile pia, kikang'aa juu yake. Baba Mkubwa akachukua mkebe wake akaenda zake. Susu alikivua kile cha kwake, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akatabasamu kwa namna ambayo sasa najua ilipaswa kututia wasiwasi.

Fundi alisafisha mirija yote, akajaza namba tatu mpaka mstari, akamfundisha Mama kutoa hewa kwenye breki, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka akaweza kufanya macho yamefumbwa. Akampa mikebe miwili yenye muhuri na sindano ya kuchanjia kuku ya kuvutia mafuta, vyote vya kubeba njiani. Safari ikapangwa iwe Jumatatu. Jumamosi mchana, Mama akiwa sokoni, Susu akaniita kibandani.

"Fungua hapa. Vidole vyangu vinauma."

"Susu, Fundi alisema yatosha."

"Fundi alisema zamani yalikuwa ya mbarika. Ulimsikia ama hukumsikia? Na chupa si wewe ulilinda? Hii gari inanibeba mpaka kwa dada yangu, na unataka niipande kavu?"

Nilifungua kifuniko. Mimi, namba moja katika hesabu. Akakimwagia kitanki mafuta mpaka shingoni, yakafurika, yakateremka kwenye injini na mengine kwenye bodi, akayapangusa kwa leso yake huku akiimba wimbo wa kanisa. Jumatatu alfajiri Mama alikuta rangi ya kijivu pale pembeni imebabuka kama ngozi ya nyoka, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi, na yaliyofurika yalikuwa yamechanganyika nayo. Akaniuliza, "Hii ni nini?" Mimi nikamtazama mbuzi wetu aliyefungwa kando ya kibanda. Nilimtazama mbuzi yule mpaka mbuzi mwenyewe akaona haya.

Kamene alipanda na kushuka vizuri kupita mtu yeyote alivyotarajia. Tulipita Wote, Machakos, tukaingia Kitui, Mama ameketi wima na kofia ya Baba kichwani, Susu nyuma kama malkia. Harufu ya mbarika ilikuwemo tangu mwanzo, ikitoka kwenye injini, lakini Susu alinukia mbarika siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Baada ya Mwingi lami ikaisha, na barabara ikaanza kututikisa hivi kwamba meno yangu yalibadilishana nafasi. Tulipopita Kyuso, Kamene akaanza kuwa mzito. Mama akashusha gia, akashusha tena. Barabara ilikuwa tambarare lakini tulienda kama tunapanda ukuta. Kisha magurudumu ya mbele yakatoa moshi, gari likajisimamisha lenyewe, katikati ya vichaka vya miiba, bila mtu kukanyaga chochote.

Mama alizima injini. Ukabaki mlio wa chuma kinachopoa. Hakulia. Alivua kofia ya Baba, akaiweka mapajani, akaitazama. Nilijua anachohesabu: Emali, mnunuzi, kibanda kitupu. Susu naye alikuwa anatazama nje ya dirisha kama mtu anayesoma bango, na bango halikuwepo.

Mzee mmoja mchungaji alikuja na mbuzi wapatao elfu kumi, akamzunguka Kamene huku akivuta hewa. "Mama, salamu zenu. Gari yenu inapika nini?"

"Haipiki, mzee. Imechoka."

"Hapana, inapika. Hii ni mbarika. Hata mimi nyumbani tunapika."

Mama akageuka polepole. Hakumwangalia Susu, aliniangalia mimi, na mimi sikuwa na mbuzi wangu wa Matiliku. Nikasema yote kwa pumzi moja: kifuniko, vidole vinavyouma, chupa ya tatu, rangi iliyobabuka. Nilipomaliza nilingoja kofi. Mama akakunja mikono ya blauzi yake.

"Lete ile sindano ya kuchanjia kuku iko kwa kikapu."

Akafungua boneti, akavuta kwa sindano mafuta yote yaliyokuwa kitankini. Chini kabisa akakuta unga wa maganda ya mbegu, kwa kuwa mafuta ya Susu yalikuwa mazuri lakini hayakuchujwa kwa kitambaa. Chembe zile zilikuwa zimeziba kile kitundu kidogo ambamo mafuta hupita kurudi kitankini yakishafanya kazi. Ukikanyaga breki, inashika. Ukiachilia, inaendelea kushika, na kila ikishika inapata moto, na ikipata moto inashika zaidi. Mzee mchungaji akamkatia uzi mmoja wa waya kutoka kwenye breki ya baiskeli yake, jambo ambalo sijawahi kumlipa na sijui jina lake. Mama akakizibua kitundu. Akafungua muhuri wa mkebe wa kwanza, akajaza, akalala chini ya gari juu ya leso ya Susu, akaniweka mimi kwenye pedali. Nilisimama kwa miguu yote miwili, nimeshika usukani, nikimsikia kutoka chini.

"Kanyaga! Shikilia! Achia! Kanyaga!"

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, mpaka yaliyotoka yakawa meupe safi bila mapovu. Mikebe yote miwili iliisha. Mbuzi walikuwa wametuzunguka kama waumini. Kazi ilichukua saa tatu nzima, na Susu muda wote huo aliketi juu ya jiwe ameshika kibuyu chake tumboni. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya chini sana, "Kipira hakikuvimba, lakini." Mama, akiwa chini ya gari, akajibu, "Hakikuvimba, Mama. Hiyo ni kweli."

Tulifika Tseikuru jua likiwa bado juu. Susu na mdogo wake walishikana mikono, wakatemeana baraka, wakacheka, wakalia, wakaanza kugombana kuhusu jambo la utotoni kabla hata chai haijaiva. Tulikaa siku tatu, na Kamene akaturudisha Matiliku bila kukohoa.

Baba Mkubwa alikuwa langoni akitungoja. Akalizunguka gari, akapiga teke gurudumu.

"Mlikwama?"

Tulikuwa watatu tu tuliojua, na mzee wa mbuzi hangekuja huku kwetu Makueni kutoa ushahidi. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika funguo kwa mkono mmoja.

"Tulikwama," akasema. "Kabla ya Tseikuru. Kwa saa tatu."

"Basi," Baba Mkubwa akasema, na nitamtetea hapa, hakusema kwa furaha. "Mama mwenyewe ndiye alisema. Ikikwama, naiuza."

Susu alikuwa bado anajivuta kutoka kiti cha nyuma. Mtu aliyekuwa akisifiwa kwa mafuta yake toka Matiliku mpaka Wote, mbele ya mwanawe, mbele ya majirani waliokuja kuona, akasimama wima na kibuyu mkononi.

"Kioko, kaa na maneno yako kidogo. Gari ilikuwa nzima. Mimi nilitia mafuta yangu kwa breki. Hakuna aliyenituma. Mtoto nilimlazimisha. Yalikuwa na takataka ndani, mafuta yangu, takataka ambayo mimi sikuona." Alikishika kibuyu kwa mikono miwili hapo, na nikaona ilivyomgharimu. "Huyu alilala chini ya hii gari mbele ya mbuzi zote za Tseikuru, akaitengeneza na mikono yake. Wewe ungeweza? Sasa unataka kuuza nini, gari ama mimi?"

Baba Mkubwa alitazama chini, akatazama kibuyu, kisha akacheka mpaka akashika boneti. Habari za Emali hazikutajwa tena bomani kwetu. Tangu siku hiyo Susu alichuja mafuta yake kwa kitambaa mara mbili.

Siku hizi wateja huja dukani kwangu na simu, wananionyesha video za watu wanaofufua magari ya zamani, na kila mmoja anataka namba tano kwa sababu ni kubwa. Siku hizi kuna tano na kuna tano nukta moja, na hizo mbili hazina undugu hata kidogo, kwa hiyo kazi yangu ya kueleza imeongezeka maradufu. Fundi Muthama angefurahi sana. Nawaambia wasome kwanza kitabu cha gari, wajue vipira vyao ni vya umri gani, wachukue mkebe wenye muhuri, wasichanganye koo. Wasipoamini, nawaonyesha rafu iliyo nyuma yangu, zilipo chupa zile zile tatu, vipira vikiwa vimerudishwa ndani. Cha chupa ya kwanza sasa si kipira, ni uji mweusi. Cha pili kipo. Cha tatu, ndani ya mafuta ya mwanamke ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita, bado ni laini kama siku ile ya dirishani. Baadhi huuliza kama nauza hayo ya tatu. Hapana, siyauzi.

Mama ana nywele nyeupe kote sasa na Kamene ana rangi mpya, isipokuwa pale pembeni palipobabuka, ambapo Mama alikataa paguswe. Kila mwaka kabla ya mvua anakuja nalo Wote, anaegesha mbele ya duka, anachukua mikebe miwili ya namba tatu, anasoma muhuri kana kwamba mimi ni mwizi. Kisha anatandika gunia, analala chini ya gari, na mimi, mwenye duka, mwenye cheti ukutani, mwenye goti linalouma, nakaa kwenye kiti cha dereva. Siku hizi mguu mmoja unatosha. "Kanyaga," anasema kutoka chini, sauti ile ile. "Shikilia. Achia." Tukimaliza, ananawa mikono, anaishusha chupa ya tatu, anachovya ncha ya kidole kimoja, na kwenda kuipaka bawaba ya mlango wa Kamene. Hapo tu. Anaufungua, anaufunga, anasikiliza. Haulii.